Ngoma ya Mtu Mmoja

Msomaji, katika masomo yako ya fasihi umefundishwa namna ya kulipima shairi. Ukipewa utenzi, wahesabu mizani, watazama vina, wauliza ujumbe wake ni nini, kisha waamua kama mtunzi amefaulu au ameshindwa. Kazi hiyo ni njema, na yampasa kila mwenye elimu kuijua. Lakini je, ukipewa kazi ya sanaa isiyo na neno hata moja, utaipimaje? Hapana vina, hapana mhusika, hapana kisa. Kuna ngoma tu, na sauti nzito iendayo chini yake, na sauti pana iliyotanda juu yake. Je, hapo mhakiki akae kimya?

Katika insha hii nataka tuipime pamoja kazi moja ya namna hiyo. Jina lake ni "Can You Feel It", yaani "Je, waweza kuihisi?" Aliitunga na kuipiga mtu mmoja peke yake, Larry Heard wa mji wa Chicago, Marekani, aliyejiita Mr. Fingers, maana yake Bwana Vidole. Ilitolewa katika santuri mwaka 1986 na kampuni ya Trax ya mji huo huo. Ni muziki wa dansi, wa aina iitwayo hausi, na hasa tawi lake lile la utulivu liitwalo hausi ya kina. Wajuzi wengi huihesabu kazi hii miongoni mwa mizizi ya tawi hilo.

Huenda ukauliza: Chicago na Maua zina uhusiano gani? Nakujibu kwamba watoto na wajukuu wa muziki huu wamo njiani mwetu kila siku. Wawasikia katika matatu zipandazo milima ya Nyambene, wawasikia harusini, wawasikia katika simu za vijana sokoni mabunda ya miraa yanapofungwa kwa majani ya mgomba. Wacheza muziki huo, lakini pengine hujapata kuuliza umetoka wapi, na kama wastahili kuitwa sanaa. Tena wazee wako, na hata baadhi yetu walimu, huudharau kwa sababu tatu. Ya kwanza, hauna maneno, kwa hiyo hauna mafundisho. Ya pili, hupigwa na mashine. Ya tatu, ni kazi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani, na ngoma, kwa desturi yetu, haipigwi na mtu mmoja. Hoja hizi si za upuuzi. Tutazichukua moja moja na kuzipima juu ya kazi yenyewe, maana uhakiki usiojibu hoja za watu ni sifa tupu.

Kwanza yafaa tuelewe mapigo, kwa kuwa ndiyo mifupa ya muziki wa dansi. Mapigo ni ya namna mbili kubwa. Mfikirie mtu mmoja anayetwanga mahindi kinuni. Mchi waenda juu, warudi chini, na kila mshindo ni sawa na ule uliotangulia. Ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, wasikia mshindo katika kila hesabu. Hayo ndiyo mapigo ya hausi: ngoma kubwa hulia kwa usawa, karibu mara 120 kwa dakika moja, bila kuchoka. Sasa wafikirie watu watatu wanaotwanga katika kinu kimoja, wakipokezana. Michi haigongani, lakini mshindo mmoja waja mapema kidogo, mwingine wachelewa, mwingine wagusa ukingo wa kinu na kutoa sauti nyembamba. Hesabu ni ile ile, walakini mshindo hauangukii mahali ulipoutazamia. Hayo ni mapigo ya kuvunjika, yaitwayo brekibiti.

Siku hizi watayarishaji wa muziki, ambao vijana huwaita maprodyuza, hupenda kuyaoza mapigo hayo mawili katika wimbo mmoja: ngoma iliyovunjika huchangamsha miguu, na sauti laini za hausi ya kina hutuliza moyo. Ukisikia wimbo wa namna hiyo, jua kwamba umesikia mtoto wa koo mbili. Ili tumjue mtoto, tuwatazame wazazi.

Ukoo wa kwanza ni wa brekibiti. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons, ya mji wa Washington, ilitoa santuri yenye wimbo "Color Him Father" upande wa kwanza. Upande wa pili waliweka muziki usioimbwa, uitwao "Amen, Brother". Katikati ya muziki huo vyombo vyote vyanyamaza, na mpiga ngoma, Gregory Coleman, apiga peke yake kwa muda wa sekunde 7 hivi. Ni sekunde chache mno, huwezi hata kufunga kamba za viatu vyako vyote viwili. Lakini sekunde hizo zilikuja kuwa mbegu. Mwaka 1973, katika mtaa wa Bronx mjini New York, kijana aliyezaliwa Jamaika, ajulikanaye kwa jina la Kool Herc, aligundua kwamba wachezaji hungojea hasa pale ngoma inapobaki peke yake. Akachukua santuri mbili zilizo sawa, na kipande cha ngoma kilipokwisha katika hii, akakianzisha katika ile, hata sekunde chache zikawa dakika nyingi. Baadaye vikapatikana vyombo vya kunakili sauti, na kile kipande cha Coleman kikanakiliwa katika maelfu ya nyimbo, Marekani na Uingereza na kwingineko. Tafadhali likumbuke jina hilo la Coleman, kwa kuwa tutalirudia.

Ukoo wa pili ni wa hausi. Mwaka 1977 ulifunguliwa mjini Chicago ukumbi wa dansi ulioitwa Warehouse, yaani Ghala, na aliyewachagulia wachezaji santuri humo alikuwa Frankie Knuckles. Waliofika wengi walikuwa watu weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wengi wao walikuwa watu ambao kumbi nyingine za mji hazikuwapokea vizuri. Kwa kifupisho cha jina la ukumbi huo muziki wao ukaitwa hausi. Punde si punde vijana wa Chicago hawakuridhika kucheza santuri za wengine. Wakanunua mashine za ngoma zilizotengenezwa Japani na kampuni ya Roland, ambazo wanamuziki wengi wa bendi walikuwa hawazitaki, nazo zikapatikana kwa bei nafuu. Wakaanza kutunga nyumbani.

Mmoja wao alikuwa Larry Heard, aliyezaliwa mwaka 1960. Hapa pana jambo ambalo mhakiki hana ruhusa ya kulipita: kabla ya kugusa mashine yoyote, Heard alikuwa mpiga ngoma. Aliketi nyuma ya bendi miaka kadhaa, akishika mapigo huku wengine wakitunga sauti. Mwaka 1984, kwa kuwa alitaka kuzitoa sauti zilizokuwamo kichwani mwake mwenyewe, alijipatia kinanda cha umeme na mashine ya ngoma, akaanza kutunga peke yake. Miaka miwili baadaye kazi tunayoipima ilikuwa sokoni.

Basi tuisikilize. Naomba uisikilize kweli, mahali patulivu, kwa masikio yote mawili, wala si katika matatu. Yachukua zaidi ya dakika 5. Utakayoyakuta mwanzo ni mapigo: ngoma kubwa, sawasawa, kama yule mtwangaji wetu wa kwanza. Juu yake wayasikia matuazi ya mashine yakilia kwa wepesi katikati ya mapigo, na sauti mfano wa makofi ikijibu. Chini yake waja mstari wa besi. Usikilize vema mstari huo, maana ndio moyo wa kazi. Haurukiruki wala haujionyeshi. Waenda, wageuka, warudi pale ulipoanza, kisha waenda tena, mfano wa mtu anayetembea usiku katika njia anayoijua. Halafu zaja sauti pana za kinanda cha Roland Juno-60, sauti nyingi zilizopangwa pamoja na kuvutwa kwa muda mrefu, zikaenea juu ya mapigo kama ukungu juu ya mashamba asubuhi. Katika sauti hizo mna huzuni, lakini si huzuni ya kilio. Ni ile huzuni ya mtu aliyekwisha kulia, akajipangusa uso, akasimama.

Ajabu yake ni hii: miguu yaambiwa jambo moja, na moyo waambiwa jingine. Mapigo yasema, inuka ucheze. Sauti pana zasema, tulia ukumbuke. Katika muziki mwingi wa dansi furaha ya ngoma hufuatwa na furaha ya nyimbo, nayo huisha pamoja nayo. Hapa mtunzi amezitia furaha na majonzi katika chungu kimoja, na hakuna kilichomshinda mwenzake. Ukitaka kujua kwa nini aina hii iliitwa hausi ya kina, jawabu ndilo hilo. Kina si unene wa besi tu. Kina ni kwamba wacheza, na huku wafikiri.

Sasa tuzirudie hoja zetu. Ya kwanza ilisema kwamba muziki usio na maneno hauna mafundisho. Kama ujumbe ni maneno tu, hoja hiyo ni kweli. Lakini jiulize: mbiu ya mgambo ikilia, wangoja maneno ndipo ujue kuna jambo? Ngoma ya msiba na ngoma ya harusi, wazichanganya? Sauti yenyewe husema, na mtu aliyelelewa vizuri huielewa. Tena kazi hii ilijaribiwa kwa maneno. Baada ya kutoka, watu wengine waliweka juu yake hotuba maarufu ya Martin Luther King ya mwaka 1963, na wengine wakaweka sauti ya mtu anayenena kama mhubiri juu ya asili ya hausi. Matoleo hayo yamependwa sana. Hata hivyo, hukumu yangu ni kwamba toleo tupu, lisilo na neno, ndilo lililo bora. Hotuba ya King ni kubwa, na inapoingia, muziki wageuka kuwa mtumishi wake, nasi twaambiwa la kuhisi. Katika toleo tupu hatuambiwi. Twaulizwa. Na jina la kazi, kumbuka, ni swali. Mtunzi aliyeuliza swali kisha akanyamaza apate jawabu amewaheshimu wasikilizaji wake kuliko yule aliyeuliza na kujijibu mwenyewe.

Hoja ya pili ni ya mashine. Wasema wengine kwamba mashine haina moyo, na kwamba mtu akibonyeza kitufe hajapiga ngoma. Lakini ngoma nayo ni nini? Ni gogo lililochimbwa na ngozi iliyowambwa. Gogo halina moyo, wala ngozi ya ng'ombe aliyekwisha kufa haina. Moyo ni wa mpigaji. Kalamu haitungi shairi, lakini hatumlaumu mshairi kwa kushika kalamu. Swali la haki ni hili: je, katika kazi hii twauona mkono wa mtu, ama twaisikia mashine tu? Mimi nauona mkono. Nauona mahali hasa ambapo Heard amejizuia. Mashine ya ngoma yaweza kupiga mambo mengi kuliko mikono ya binadamu, na mtu mgeni kwa ngoma angeitumia yote, kama mtoto aliyepewa filimbi. Heard, kwa kuwa alikuwa mpiga ngoma, alijua kwamba kazi ya mpiga ngoma ni kuwabeba wengine, si kuwafunika. Mashine yake yapiga kidogo, yapiga sawa, na kuacha mahali pa kupumua. Kujizuia huko hakukutoka kiwandani Japani. Kulitoka katika miaka aliyoketi nyuma ya bendi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na kwetu sisi wa sehemu hizi ina uzito zaidi. Ukiifuata barabara itokayo Meru kwenda Embu, wapita Chuka, nchi ya wapiga ngoma waliojulikana Kenya nzima. Wapigaji hao husimama safu, kila mmoja ameibana ngoma yake ndefu mapajani, na hupiga huku wakicheza. Hapana hata mmoja wao aliye na ngoma yote. Huyu ana pigo lake, yule ana lake, na ngoma ni kile kinachozaliwa katikati yao. Na nyimbo zetu nyingi ni hivyo hivyo: kiongozi hutoa, waitikiaji hupokea. Basi mtu aliyejifungia chumbani na kupiga kila kitu yeye mwenyewe ameiacha wapi jamaa? Kidole kimoja, twaambiwa, hakivunji chawa.

Nimeifikiri sana hoja hii, na jawabu langu ni kwamba lazima tuangalie si idadi ya waliopiga, bali kama kazi imeacha mlango wazi. Kuna wimbo ulioimbwa na watu 40 ambao hauna nafasi ya mtu wa 41. Kila kitu kimejazwa, msikilizaji hana la kufanya ila kupiga makofi mwishoni. Na kuna kazi ya mtu mmoja yenye nafasi kwa watu wote. "Can You Feel It" ni ya namna hii ya pili. Huu ni wimbo wa kiongozi aliyetoa sauti yake kisha akangoja. Waitikiaji wake ni miguu ya wachezaji. Ukiisikiliza ukiwa umeketi, pengine utaona kuna kitu kimepungua. Umeona sawa. Kilichopungua ni wewe. Mtunzi ameliacha pengo hilo makusudi, na ndiyo maana wale waliofukuzwa katika kumbi nyingine waliingia katika muziki wa hausi kama watu waliofika kwao. Mtu mmoja aweza kuipiga ngoma, hawezi kuikamilisha. Mtunzi mwema ni yule ajuaye hivyo.

Na hapa waweza kuona pia kile kinachoziunganisha zile koo mbili. Wachezaji wa Bronx walikingojea kipande cha ngoma tupu kwa sababu ndipo vyombo vingine vilipowapisha, nao wakapata mahali pa kuingia. Wachezaji wa Chicago walipata mahali kama hapo katika kazi za Heard. Mapigo ni tofauti, moja yamevunjika na mengine yamenyooka, lakini desturi ni moja: muziki wampisha mchezaji. Kwa hiyo unaposikia wimbo mpya wa prodyuza aliyeyaoza mapigo hayo mawili, usiulize tu kama amechanganya kwa ustadi. Uliza kama amekuachia nafasi. Wengi hujaza. Hutia ngoma iliyovunjika, na besi, na sauti pana, na vifijo, mpaka wimbo wafanana na matatu iliyopakia abiria hata mlangoni. Ustadi waweza kuwapo, lakini hapana pa kukaa.

Mhakiki mwaminifu hutaja na kasoro. Kazi hii yarudia mambo yale yale, na mtu anayetaka safari yenye mwanzo, kilele na mwisho hataipata. Yaishia karibu pale ilipoanzia. Tena, wepesi wa ujenzi wake umewadanganya waigaji wengi wakadhani kwamba kila mstari wa besi ukirudiwa dakika 5 utakuwa na kina. Kosa hilo la mwisho si la Heard, lakini lile la kwanza ni lake, na halifutiki kwa kusema kwamba ndiyo desturi ya muziki wa dansi. Naona tu kwamba katika mizani yangu uzuri wake wazidi upungufu wake, na kwa mbali.

Limebaki jambo moja, nalo si la sauti bali la haki. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Je, hawa wawili walitunzwa? Gregory Coleman alifariki mwaka 2006 hali yu maskini, bila ya kupata mrabaha kutokana na kile kipande ambacho dunia ilikuwa ikikicheza. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walimchangia kiongozi wa bendi yake, Richard Spencer, pauni 24,000, nao ulikuwa mchango wa hisani, si malipo ya haki. Coleman mwenyewe hakuwapo tena. Larry Heard, pamoja na mwimbaji Robert Owens, aliishitaki kampuni ya Trax mwaka 2020 juu ya haki za nyimbo zao na malipo wasiyopata. Mwaka 2022 pande mbili zilipatana, na haki za nyimbo zao zikarudi mikononi mwao. Hesabu mwenyewe: tangu 1986 hata 2022 ni miaka 36. Kijana aliyeipiga kazi ile akiwa na miaka 26 alikuwa amekwisha kuwa mzee.

Usidhani kwamba habari hizi ziko mbali. Mwaka 2023 Zerb, mtayarishaji wa Brazili, alitoa wimbo wa hausi uitwao "Mwaki", nao ukachezwa katika nchi nyingi. Mwimbaji ni Sofiya Nzau wa Kenya, na aimba kwa Kikuyu. Neno hilo ni moto, na wewe msemaji wa Kimeru huhitaji mkalimani, maana ndugu yake yumo kinywani mwako. Jina la Nzau limetajwa katika wimbo pamoja na jina la mtayarishaji, na kila aupendaye wimbo aweza kujua ni sauti ya nani. Tazama tofauti: sekunde 7 za mpiga ngoma wa mwaka 1969 zilisambaa duniani bila jina lake, mwaka 2023 sauti ya mwimbaji wa nchi yetu ilisambaa ikiwa na jina lake. Jina peke yake si chakula, lakini asiye na jina hata kudai hawezi.

Nasema haya kwa kuwa miongoni mwenu mnaosoma kitabu hiki wamo watakaotunga. Chombo cha kutungia, kilichokuwa adimu wakati wa Heard, leo kimo katika simu. Mmoja wenu atainakili ngoma ya mzee wa Chuka au wimbo wa bibi wa Igembe na kuutia mapigo. Ni vema, na afanye kwa ustadi. Lakini amwulize mwenyewe, aliandike jina lake, na likija pato amgawie. Kadhalika ailinde kazi yake mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ambayo Kenya iliitunga mwaka 2001 hulinda kazi ya muziki iliyorekodiwa au kuandikwa muda wote wa uhai wa mtunzi, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ulinzi huo ni wako hata kama una miaka 15, ila usitie sahihi karatasi usiyoielewa.

Basi, msomaji, umepata vipimo vitatu vya muziki usio na maneno. Uliza sauti yasema nini na moyo, mbali na inayosema na miguu. Uliza mkono wa mtu uko wapi ndani ya mashine, na aghalabu utauona pale mtunzi alipojizuia. Kisha uliza kama kazi imekuachia nafasi, na kama waliokuachia nafasi hiyo wametajwa na kulipwa. Kwa vipimo vyote vya sanaa "Can You Feel It" yashinda. Kwa kipimo cha haki ilishindwa miaka 36, na kosa halikuwa la muziki. Ichukue sasa uisikilize mwenyewe. Kama hukumu yako itapingana na yangu, iandike kwa hoja na umpe mwalimu wako, maana mtunzi ameuliza swali, na mimi nimejibu kwa niaba yangu tu.